Seli Moja Kati ya Milioni: Saratani ya Ovari na Mfuko wa Seli Shina

Mtu anayejifunza kusoma slaidi za malaria katika maabara za ukanda huu wa Ziwa Victoria hufundishwa mapema kwamba hana ruhusa ya kuandika kuwa vimelea havikuonekana kabla hajapitia fildi 100 za tone zito la damu, kila fildi ikiwa ni lile duara la mwanga analoliona kupitia lenzi ya mafuta. Akiviona, huvihesabu huku kidole cha mkono mwingine kikibonyeza kihesabio cha seli nyeupe mpaka zifike 200, kisha hupiga hesabu kwa kukadiria kwamba kila maikrolita ya damu ina seli nyeupe 8,000. Jibu linalomfikia daktari wa zamu lina kiasi cha damu nyuma yake, na kiasi hicho ndicho kinacholipa uzito. Msomaji wa kawaida wa slaidi huanza kuvikosa vimelea vinaposhuka chini ya takriban 50 kwa kila maikrolita, na hilo halitokani na uzembe, kwani tone alilolitazama ni dogo na ndani yake huenda hapakuwa na kitu cha kuona.

Kazi ya aina hiyo ndiyo niliyoifanya Kisumu kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na ndiyo maana swali lililokuja kutoka Nakuru mwaka jana lilinishika mimi kuliko lilivyomshika mtu mwingine yeyote katika familia. Mama yangu mdogo, ambaye alikuwa ametibiwa saratani ya ovari kwa upasuaji na tibakemikali, aliambiwa kwamba ugonjwa umerudi. Binti yake alikuwa amesoma mahali kuhusu upandikizaji wa seli shina, yaani zile seli mama zinazozaa seli nyingine za damu, nje ya nchi, akafungua kundi la WhatsApp la mchango, na kabla hata mweka hazina hajateuliwa watu walikuwa wameanza kutuma ahadi. Usiku mmoja akanipigia simu.

"Kaka, wewe ni mtu wa maabara," akasema. "Nimesoma kwamba wanamtoa seli zake, wanampa dawa kali kabisa, halafu wanamrudishia zile seli. Lakini kuna mahali wameandika kwamba seli za saratani zinaweza kurudi pamoja nazo. Kwani hawazipimi kwanza?"

Nilimwambia kwamba zilipimwa, tena kwa bidii kubwa, ila ndani ya swali lake mlikuwa na maswali mawili, na hayo mawili hayajibiwi kwa kipimo kimoja. La kwanza ni iwapo seli hizo zinaweza kuonekana. La pili ni iwapo, zikionekana, ndizo zitakazomrudishia mgonjwa ugonjwa. Watu wengi, wakiwemo wataalamu wa miaka ya 1990, walilishughulikia la kwanza kwa ustadi mkubwa wakitumaini kwamba la pili litajijibu lenyewe.

Wazo la tiba yenyewe halikuwa la kipuuzi. Saratani ya kawaida ya ovari huziitikia dawa zenye platinamu, yaani cisplatin na carboplatin, vizuri kuliko uvimbe mwingine mwingi, na bado kwa wanawake wengi wanaogunduliwa ugonjwa ukiwa umeshatapakaa tumboni hurudi baada ya miezi au miaka. Katika vyombo vya maabara, kadiri kipimo cha dawa kinavyopandishwa ndivyo seli nyingi zaidi zinavyokufa. Kwa mgonjwa, kinachozuia kupandisha ni uboho, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu: carboplatin hushusha seli nyeupe na hasa zile chembe za kugandisha damu, na mtu aliyezipoteza kwa muda mrefu huuawa na maambukizi au kutokwa na damu kabla saratani haijafanya kazi yake. Basi wataalamu wakajiuliza: ikiwa uboho ndio kizuizi, kwa nini seli shina zake zisitolewe kwanza, zikahifadhiwa mahali salama, mgonjwa akapewa dawa mara kadhaa ya kipimo cha kawaida, kisha akarudishiwa seli zake ili uboho uote upya? E. Donnall Thomas alikuwa amepata Tuzo ya Nobel mwaka 1990 kwa kazi yake ya kupandikiza uboho, hivyo njia ilikuwa imeshafunguliwa na waliokuwa wakitibu saratani za damu.

Zamani uboho wenyewe ulivutwa kwa sindano kutoka mfupa wa nyonga, mgonjwa akiwa chini ya nusukaputi. Baada ya kichocheo kiitwacho G-CSF kuidhinishwa nchini Marekani mwaka 1991, kazi ilihamia kwenye mishipa ya mkono. Mgonjwa hudungwa kichocheo hicho kwa siku kadhaa, seli shina humwagika kutoka kwenye uboho na kuingia katika damu, naye huunganishwa na mashine inayoizungusha damu yake, lita 10 au zaidi kwa saa chache, ikichota tabaka jembamba la seli nyeupe na kumrudishia zilizobaki. Kinachopatikana ni mfuko mdogo wa kiowevu chekundu kilichokolea, ambao huchanganywa na kemikali ya DMSO ili seli zisipasuke kwa barafu, kisha huhifadhiwa kwenye nitrojeni ya majimaji ambayo joto lake ni nyuzi 196 chini ya sifuri. Siku ya kurudishiwa, mgonjwa hupumua DMSO hiyo nje, na chumba kizima hunuka kitunguu saumu. Wauguzi wa wodi hizo huitambua siku ya upandikizaji kwa pua kabla hawajafungua mlango.

Ndani ya mfuko huo, kinachotafutwa ni seli zenye alama iitwayo CD34, na kiwango cha chini kinachokubalika kwa kawaida ni milioni 2 kwa kila kilo ya uzito wa mwili. Kwa mama wa kilo 60, hizo ni milioni 120. Lakini seli za CD34 mara nyingi ni asilimia moja hivi tu ya zilizomo mfukoni, au chini ya hapo, kwa hiyo mfuko kwa jumla unaweza kuwa na seli bilioni 12. Nyingine ni seli nyeupe za kila namna zilizochotwa pamoja nazo. Hapo ndipo hofu ya binamu yangu inapoanzia: ikiwa mashine huchota kila kilichomo katika tabaka lile, seli ya saratani inayozunguka kwenye damu nayo itachotwa, itahifadhiwa kwa uangalifu uleule, na itarudishwa mwilini baada ya dawa kali kupita, ikiwa haijaguswa. Tena mwaka 1994 watafiti wa Ujerumani walieleza kwamba kwa baadhi ya wagonjwa wa saratani za uvimbe, dawa zinazozitoa seli shina kwenye uboho ziliweza kuzitoa na seli za saratani katika damu kwa wakati uleule.

Sasa hesabu. Chukulia kwamba katika kila seli milioni moja za mfuko kuna moja ya saratani. Gunia la mahindi la kilo 90, la aina inayoshuka kutoka Kitale, lina punje 300,000 hivi, kwa hiyo tunazungumzia punje moja iliyooza ndani ya magunia matatu na zaidi. Ni kidogo sana, mtu atasema. Lakini mfuko una bilioni 12, na moja kwa milioni katika bilioni 12 ni seli 12,000. Kuona kidogo hicho kunahitaji kutazama kingi. Ukikagua seli milioni moja kamili, uwezekano wa kutoona hata seli moja ya saratani, ingawa zimo, ni kama asilimia 37. Ili uwezekano huo ushuke hadi asilimia 5, inabidi ukague milioni 3. Katika mbinu iliyozoeleka, seli hubandikwa kwenye slaidi kwa mashine ya kuzungusha, kila slaidi ikibeba kama 500,000. Basi milioni moja ni slaidi mbili, na milioni tatu ni slaidi sita. Ukitaka kuwa na hakika ileile kwamba uchafuzi hauzidi moja kwa milioni 10, slaidi zinakuwa 60 kwa mgonjwa mmoja. Nani atakaa kuzisoma?

Ndiyo maana nikisoma kazi za miaka ile naanza kwa kutafuta jambo moja: waliangalia seli ngapi? Maabara iliyokagua seli 200,000 na maabara iliyokagua milioni 3 zote ziliweza kuripoti kwamba mfuko ni safi, na ripoti zote mbili zikawa za kweli, ilhali hazisemi jambo lile lile. Sehemu ya tofauti kubwa iliyokuwapo kati ya hospitali moja na nyingine kuhusu ni mifuko mingapi yenye uchafu nina hakika ilitokana na hilo, wala si na wagonjwa wao.

Kuitambua seli ya saratani ya ovari katikati ya seli za damu kuna faida moja kubwa ambayo watu wa saratani za damu hawana. Saratani hii hutokana na seli za utando, zile zinazofunika nyuso za viungo, na seli za utando hubeba ndani yake nyuzi za protini ziitwazo saitokeratini ambazo seli za damu kwa kawaida hazina. Tangu Köhler na Milstein walipobuni mwaka 1975 njia ya kutengeneza kingamwili za aina moja tu, maabara ziliweza kuagiza kingamwili inayoshika saitokeratini na kuifungamanisha na kimeng'enya kinachozalisha rangi. Slaidi ikishaoshwa, seli za damu huonekana na viini vya buluu tu, na palipo na seli ya utando panawaka wekundu.

Kwa maelezo ya maandishi kazi inaonekana kwisha hapo. Aliyewahi kukaa mbele ya hadubini atacheka. Wekundu huja pia kwa sababu nyingine: baadhi ya seli nyeupe, hasa zile zinazotengeneza kingamwili, huweza kuishika rangi bila kuwa na saitokeratini, seli zilizokufa hunyonya rangi kama kitambaa, na sindano iliyopita kwenye ngozi inaweza kubeba kipande cha ngozi, ambacho nacho ni utando na kina saitokeratini halali kabisa. Kwa hiyo msomaji makini hatosheki na rangi. Hutazama kama kiini ni kikubwa kuliko cha jirani zake, kama kingo zake zimekunjana, kama wekundu umekaa pembezoni mwa seli kwa nyuzinyuzi zinazoonekana au umemwagika ovyo, kama seli iko peke yake au imeshikana na nyingine mbili tatu za sura moja. Slaidi ya pili ya mgonjwa yuleyule hutiwa kingamwili isiyohusika na chochote, na ikiwa nayo inatoa seli nyekundu, basi ile ya kwanza haina cha kujivunia. Pakiwa na shaka, mtu wa pili huitwa kutazama bila kuambiwa wa kwanza alisema nini. Ni kazi ya kuchosha macho, na sioni aibu kusema kwamba naiheshimu kuliko mashine nyingi zilizokuja baadaye.

Wengine walikimbilia PCR, mbinu ya kukizalisha kipande kidogo cha DNA mara nyingi mpaka kionekane, iliyompa Kary Mullis Tuzo ya Nobel mwaka 1993, wakitafuta ujumbe wa jeni la saitokeratini 19 badala ya kuiona seli yenyewe. Mvuto wake uko wazi: mrija mmoja unaweza kubeba chembechembe za urithi za mamilioni ya seli kwa mkupuo, na jibu hutoka kwa saa chache. Tatizo likawa kwamba damu ya watu wazima wenye afya, wasio na saratani yoyote, mara nyingine ilijibu kwamba imo. Sababu mbili zilijulikana. Moja ni kwamba karibu kila seli huvujisha ujumbe wa jeni isilolitumia, kwa kiasi kidogo sana, na PCR ikizungushwa mara nyingi hukikuza hata kiasi hicho. Nyingine ni kwamba saitokeratini 19 ina nakala bandia kwenye DNA ya kila binadamu, nakala zisizofanya kazi lakini zinazofanana na ujumbe wa kweli, na DNA kidogo ikibaki kwenye mrija hukuzwa nazo. Mbinu yenye macho makali mno inakuletea tatizo la kinyume: badala ya kukosa kilichomo, unaona kisichokuwamo.

Ili kujua mbinu yao ina uwezo gani, maabara zilikuwa zikichukua damu safi na kuimwagia idadi inayojulikana ya seli za saratani ya ovari zinazooteshwa kwenye chupa, kwa mfano zile za jamii ya SKOV-3 au OVCAR-3, kisha kuangalia zinapata ngapi. Ni jaribio la lazima. Hata hivyo seli za chupa zimenona, zinagawanyika kila siku na aghalabu zina saitokeratini tele, wakati seli iliyotoka kwa mgonjwa aliyemeza na kudungwa dawa kwa miezi inaweza kuwa imenyauka na kufifia. Mafanikio ya jaribio hilo yapokewe kama kiwango cha juu kabisa, si kama ahadi.

Baada ya kuzitafuta likafuata jaribio la kuziondoa. Badala ya kuzivua seli za saratani, wataalamu walizivua seli shina zenyewe: kingamwili ya CD34 ilibandikwa kwenye vipande vidogo mno vya sumaku, mfuko ukapitishwa, seli shina zikanaswa na zilizobaki zikamwagwa. Uchafuzi ulishuka mara mia, mara elfu, wakati mwingine zaidi. Lakini na seli za kinga zilimwagwa pamoja na uchafu, na wagonjwa wengine wakachelewa kurudisha kinga ya mwili, wakashikwa na virusi ambavyo kwa kawaida wangevizuia. Kuna na jambo jingine ambalo mtu wa maabara huliona haraka: mfuko uliosafishwa unabaki na seli chache, kila seli unayoichukua kuikagua sasa ni seli shina, na ukitaka kukagua milioni kadhaa ili uhakikishe usafi unamnyang'anya mgonjwa kile kile ulichomsafishia.

Ndipo tukafika kwenye swali la pili, na hapa binamu yangu aliniuliza kwa ukali kidogo. "Lakini kaka, kama zimo, si zitaota tu?"

Huenda. Ushahidi mzuri kuliko wote ulitoka kwa watoto, wala si kwa wagonjwa wa ovari. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Malcolm Brenner na wenzake katika hospitali ya St. Jude, Memphis, waliweka alama ya jeni kwenye sehemu ya uboho uliotolewa kwa watoto wenye saratani ya damu kabla ya kuwarudishia. Baadhi ya watoto hao ugonjwa uliporudi, seli za saratani zilikutwa na alama ile. Hakukuwa tena na ubishi: zilizorudishwa zilishiriki kuurudisha ugonjwa. Matokeo kama hayo yalionekana pia katika saratani ya neva za watoto. Ila kushiriki hakumaanishi kwamba bila zenyewe ugonjwa usingerudi. Mwaka 2001 yalichapishwa matokeo ya jaribio la wagonjwa wa mieloma, saratani inayokaa ndani ya uboho wenyewe, ambao nusu walipangiwa kwa bahati nasibu kupewa seli zilizosafishwa kwa CD34 na nusu wasisafishiwe. Mifuko iliyosafishwa ilikuwa na uchafu mdogo zaidi kweli. Wagonjwa hawakuishi zaidi.

Ikiwa hilo ni kweli kwa ugonjwa wa uboho, kwa ovari lina nguvu zaidi. Saratani ya ovari husafiri hasa ndani ya tumbo: seli hudondoka kutoka kwenye ovari au kwenye ncha ya mrija wa uzazi, huelea katika maji ya tumbo, hukaa kwenye utando unaofunika matumbo na kwenye lile pazia la mafuta linaloning'inia mbele yake. Ndiyo sababu mama zetu wengi hufika kliniki wakilalamika kwamba tumbo limejaa, sketi haifungi, na wamepewa dawa za vidonda vya tumbo mara kadhaa kabla mtu hajafikiria kupima. Miaka ya 1990 wengine waliamini kwa sababu hiyo kwamba damu ya wagonjwa hawa ni safi na mfuko hauna haja ya kukaguliwa. Seli zilipoonekana kwenye mifuko, walishtuka. Hawakupaswa kushtuka kiasi kile. Mwaka 2014 jaribio la panya walioshonwa pamoja ili wachangie damu lilionyesha kwamba seli za saratani ya ovari zinaweza kupita kwenye damu na kwenda kukaa kwenye lile pazia la mafuta. Njia ya damu ipo, ingawa si barabara kuu.

Linganisha idadi. Seli 12,000 za mfuko tulizozipigia hesabu zinatisha zikisimama peke yake. Kadirio la vitabuni ni kwamba gramu moja ya uvimbe ina seli bilioni moja, na hata ukilishusha mara kumi kwa wanaoliona kubwa mno, bado ni milioni 100. Kwa miaka mingi mpasuaji alihesabiwa amefanya vizuri akiacha mabaki yasiyozidi sentimita moja. Dawa kali ikiua seli 999 katika kila 1,000 za bonge dogo kama hilo, inaacha laki moja hadi milioni moja, zikiwa tayari zimeota mizizi mahali zilipozoea, na zile zilizobaki hai ndizo zenye uwezo wa kuihimili platinamu. Zile za mfuko zimepitia baridi kali, DMSO na safari ya mishipani, na nyingi hazitapata mahali pa kukaa. Majaribio ya kuotesha seli za mifuko ya saratani ya matiti yalionyesha kwamba baadhi zilikuwa bado na uwezo wa kukua, kwa hiyo sisemi hazina hatari. Nasema adui mkubwa hakuwa kwenye friza.

Majaribio makubwa yakaleta jibu lenyewe. Katika saratani ya matiti, ambako tiba hii ilienea zaidi, matokeo pekee yaliyoipendelea waziwazi kwenye mkutano mkubwa wa mwaka 1999 yalikuwa ya Werner Bezwoda wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg. Wakaguzi walipokwenda kuangalia kumbukumbu mapema mwaka 2000, kazi hiyo ikabainika kuwa ya udanganyifu, naye akakiri. Huwa nalikumbuka jambo hilo kila ninaposikia mtu akisema kwamba majaribio ya kuwagawa wagonjwa kwa bahati nasibu ni ukatili kwao. Wanawake wengi sana walikuwa wameshapitia tiba ile kabla haijapimwa kwa haki. Kwa ovari, jaribio la Ulaya lililochapishwa mwaka 2007 likiwa na wanawake 149 liliwagawa kati ya tibakemikali ya kawaida na ile ya kipimo kikubwa yenye kurudishiwa seli shina, na halikuonyesha tofauti ya kuaminika katika muda wa kuishi au wa kukaa bila ugonjwa. Sumu, hata hivyo, ilikuwa kubwa zaidi upande wa kipimo kikubwa. Leo hakuna mwongozo wa matibabu unaoheshimika ambao humpeleka mgonjwa wa kawaida wa saratani ya ovari kwenye upandikizaji.

"Kwa hiyo hata wakizisafisha kabisa?" akauliza.

"Hata wakizisafisha kabisa, dada."

Hilo halimaanishi kwamba upandikizaji wenyewe umekufa. Kwa mieloma, kwa limfoma (saratani za tezi za limfu) zilizorudi, na kwa saratani ya korodani, ni tiba halisi. Chuo Kikuu cha Indiana, kile kile chenye ushirikiano wa miongo kadhaa na Chuo Kikuu cha Moi kule Eldoret, ndicho kilichoripoti mwaka 2007 kwamba kati ya wanaume 184 waliorudiwa na saratani ya korodani na kupewa dawa za kipimo kikubwa pamoja na seli shina zao, 116 walipona bila ugonjwa kurudi. Tofauti iko kwenye tabia ya seli: ile saratani huzidiwa na kipimo kikubwa, ya ovari kwa sehemu kubwa hujifunza kukihimili. Na mtu asichanganye yote haya na zile kliniki zinazotangaza mitandaoni sindano za "seli shina" kwa kila maradhi, kuanzia magoti hadi kisukari. Hizo hazina uhusiano na mfuko ninaouzungumzia, na fedha za harambee zikishatumwa huko hazirudi.

Katika kundi la mchango niliandika maelezo mafupi, na kulikuwa na ukimya wa siku nzima ambao sikuupenda. Mjomba mmoja aliandika kwamba sisi wa maabara hatuna imani. Lakini daktari wa saratani anayemtibu mama mdogo alieleza jambo lililobadilisha mazungumzo: ugonjwa ulikuwa umerudi zaidi ya mwaka mmoja baada ya dozi ya mwisho, na ukirudi baada ya miezi 6 mara nyingi platinamu bado hufanya kazi. Akapangiwa carboplatin tena pamoja na dawa nyingine, hapa hapa nchini, na mchango ukaelekezwa kwenye vipimo, nauli za Nakuru hadi Eldoret na malazi ya anayemsindikiza. Anaendelea.

Kazi ya wale waliohangaika na slaidi haikupotea. Mbinu zao za kuvua seli za utando kwenye damu zilihamia kwenye kipimo cha CellSearch, kilichoidhinishwa Marekani mwaka 2004 kwa saratani ya matiti, ambacho huchukua mililita 7.5 za damu, hunasa seli kwa sumaku, huzitambua kwa saitokeratini na huhakikisha hazina alama ya seli nyeupe, yaani vipengele vilevile vya ukaguzi wa mifuko vikiwa ndani ya mashine moja. Kwa ovari, wengi sasa hutafuta DNA ya uvimbe inayoelea kwenye damu, kwa kuwa karibu kila saratani kali ya ovari ya aina ya kawaida ina hitilafu katika jeni la TP53, na hitilafu hiyo ni alama ambayo damu yenye afya haipaswi kuwa nayo. Haipaswi, nimesema, kwa sababu seli za damu za wazee huweza kupata hitilafu za TP53 zenyewe, na maabara zinalazimika kupima seli nyeupe za mgonjwa kando ili zisidanganyike. Tatizo la PCR ya miaka ya 1990 limebadilisha nguo tu.

Anayepandikizwa leo kwa mieloma au limfoma akiomba kuonyeshwa karatasi ya mfuko wake, atakuta idadi ya seli za CD34 kwa kilo, asilimia ya seli zilizo hai, na matokeo ya kuotesha bakteria. Idadi ya seli za saratani kwa kawaida haimo.